Akue Navyo

Asubuhi hiyo Atuganile alikuwa anafua uani, lakini masikio yake yalikuwa upande wa pili wa ukuta. Huko kulisikika tap, tap, tap. Alijua ni nani. Ni Arwa, binti wa jirani yake Wahiba, anatembea na viatu vyake vyekundu.

"Huyo naye, kutwa kutembea," Atuganile alinung'unika. Akalikamua shati la mumewe kwa nguvu, kana kwamba shati ndilo lenye kosa.

Arwa na Lusungu, mtoto wa Atuganile, walizaliwa wiki moja. Mama zao walilala wodi moja, wakaanza kliniki pamoja. Pale mtaani kwao Boko watu waliwaita pacha wa ukuta. Mwanzoni ilikuwa raha tupu. Halafu Arwa akaota jino kwanza. Arwa akasimama kwanza. Arwa akatembea kwanza. Kila mara Atuganile alisema, "Hongera, Mama Arwa!" Mdomo ulicheka, lakini moyoni kitu kilimchoma. Ulikuwa wivu, wala tusiuzunguke. Mwenyewe hakuuita wivu. Aliuita "kuwajua majirani".

Mwishowe Lusungu naye akatembea. Alitoka kwenye sofa, pekupeku, akayumba, akafika mikononi mwa mama yake. Atuganile alipiga vigelegele mpaka mumewe, Edgar, akatoka bafuni na povu la sabuni kichwani. Hapo hapo Atuganile akampigia simu mama mkwe wake Tukuyu.

"Mama, shikamoo! Mjukuu wako anatembea! Ukija atakupokea getini kwa miguu yake mwenyewe."

"Ehee! Basi nakuja mwisho wa mwezi," mama mkwe akajibu. "Nataka nimwone kwa macho yangu."

Kilichobaki ni viatu. Ndani ya nyumba sakafu ilikuwa safi, na Lusungu alitembea bila kitu mguuni. Lakini nje ya mlango kulikuwa na kokoto, vifuniko vya soda na vipande vya chupa. Mchana mchanga wenyewe ulikuwa moto.

"Si umwone Mama Arwa?" Edgar alisema. "Wana duka la viatu vya watoto hapo Tegeta. Karibu kabisa."

"Kwa Wahiba?" Atuganile aliruka. "Ili atangaze kwamba yeye ndiye aliyemvisha mwanangu? Nitakwenda mjini."

Mchana Lusungu alipolala, Atuganile alichomoa chelewa moja kwenye ufagio. Mama yake kule Tukuyu alipima miguu ya watoto kwa unyasi. Yeye wa Dar akapima kwa chelewa. Akailaza chelewa kwenye unyayo wa mtoto, kuanzia kisigino hadi kidole gumba. Akaivunja hapo. Akaitia kwenye pochi, akaenda mjini.

Muuzaji aliipokea chelewa, akaitazama.

"Nikupe saizi hii, dada?"

"Hapana. Nipe kubwa, akue navyo."

"Kubwa kidogo?"

"Kubwa ya kutosha. Mtoto huyu anakua, wewe humjui tu."

Akachagua buti nyeupe zenye soli nene. Kila zilipokanyaga chini ziliwaka taa, nyekundu na buluu. Atuganile alizigonga mezani, akaziona zinawaka, roho yake ikatulia. Viatu vya Arwa haviwaki taa.

Jioni alisokota karatasi za chooni, akazishindilia kwenye ncha za buti ili mguu usiogelee. Akamtoa Lusungu nje saa ile ile ambayo Wahiba hufagia mbele ya geti lake. Hilo halikutokea kwa bahati.

"Mashaallah, Mama Lusungu! Kiatu hicho!" Wahiba alisema.

"Ah, vya kawaida tu," Atuganile akajibu, shingo imenyooka.

Lusungu akainua mguu. Mguu ukaja, buti ikabaki nyuma. Akaanguka kifudifudi kwenye kokoto, mdomo ukachanika, damu ikatoka. Wahiba alitupa ufagio, akamkimbilia mtoto.

"Pole, baba! Pole! Hebu nimwone."

"Hajambo," Atuganile alimnyakua mtoto. "Anazoea."

Lakini Lusungu hakuzoea. Kila siku alivalishwa, kila siku alianguka. Alitembea miguu imetanuka, akiburuta. Baada ya siku chache, akiziona buti tu, analia. "Taki! Taki!" alisema, yaani hataki. Kisha akaacha kutembea kabisa, hata pekupeku, hata sebuleni. Akarudi kutambaa.

Atuganile alishikwa na hofu. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumamosi. Angemwambia nini? Na kama kuna kitu kibaya kwenye miguu ya mtoto, je? Alimtazama mwanawe anavyotambaa, machozi yakamlengalenga. Halafu wazo likamjia, na kwa kuwa moyo ulikuwa umeshaandaliwa na wivu, wazo halikupiga hata hodi.

"Baba Lusungu," alimwambia mumewe, "mtoto amepigwa jicho. Jicho la husuda."

"La nani?"

"La huyo wa ng'ambo ya ukuta. Si alisema 'kiatu hicho'? Tangu siku ile mtoto hajasimama."

"Alisema pia mashaallah, nilimsikia," Edgar alisema. "Hivi umekiangalia kisigino chake?"

Hakukiangalia. Kuanzia siku hiyo aliacha kumsalimia Wahiba. Akisikia sauti yake getini, anaingia ndani.

Alhamisi jioni Wahiba alibisha hodi. Alikuwa amembeba Arwa kiunoni.

"Hodi hapa! Jirani, mbona sie hatuonani? Nimekukosea nini?"

Atuganile alijaribu kunyamaza, akashindwa.

"Mie sijui, Mama Arwa. Najua tu mwanangu alikuwa anatembea. Ukamtazama siku moja, siku ya pili anatambaa. Wako anakimbia, wangu anatambaa. Umefurahi?"

Wahiba alimshusha Arwa chini polepole. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Unasema nina husuda na mtoto wako?"

Atuganile akageuka kumtazama Lusungu anayetambaa.

"Basi nikwambie," Wahiba alisema. "Wivu ninao kweli. Lakini siyo wa kutembea. Arwa wangu hasemi. Hata mama hajasema. Wako anasema maji, anasema baba, anasema taki. Nakuwaga jikoni kwangu namsikia, moyo unaniuma, najiuliza wangu atasema lini. Wivu huo ninao. Lakini kumtakia mabaya, wallahi sijawahi. Sasa niache nimwone mguu."

Atuganile alisimama pale pale. Wahiba ana wivu na yeye? Miezi yote hiyo alidhani wivu uko upande mmoja tu wa ukuta. Akakaa kwenye mkeka, akampakata Lusungu, akamvua soksi.

Kisigino kilikuwa na malengelenge. Moja lilikuwa limepasuka, jekundu, bichi.

"Mungu wangu," Atuganile alisema. "Mwanangu, kumbe ulikuwa unaumia."

"Leta hizo buti," Wahiba alisema. Aliingiza mkono ndani ya buti moja, akachomoa karatasi. Akachomoa nyingine. Akazitazama, akamtazama jirani yake.

"Akue navyo," Atuganile alisema kwa sauti ndogo.

"Dukani kwetu naisikia kila siku hiyo," Wahiba alisema. "Kila mama anataka mtoto akue navyo. Lakini mtoto anayejifunza kutembea anatembea leo. Kiatu kikiwa kikubwa, mguu unateleza ndani yake. Kisigino kinasuguliwa, vidole vinajikunja kung'ang'ania kiatu. Anaanguka, anaumia, anaogopa. Ulimpimaje?"

"Kwa chelewa. Alikuwa amelala."

"Chelewa inakupa urefu tu, upana haikwambii. Na mguu uliolala siyo mguu uliosimama. Akisimama, uzito unaushukia, unatanuka. Una boksi?"

Atuganile akaleta boksi la sabuni. Wakalikunjua chini. Lusungu akashikwa makwapani, akasimamishwa juu yake, nyayo zimekaa vizuri. Wahiba akachora kuzunguka mguu mmoja, kisha wa pili.

"Tunachora yote miwili. Unaona? Wa kulia umezidi kidogo. Tunafuata huo. Na ni vizuri kupima jioni kama sasa hivi, maana mguu hujaa kidogo kwa kutwa nzima."

"Na nafasi ya kukua?"

"Ipo. Mbele ya kidole kirefu unaacha upana wa kidole chako kidogo cha mkono. Hiyo inatosha. Ukizidisha, anaburuta."

Wahiba alichukua buti, akajaribu kuikunja. Haikukunjika. Soli ilikuwa ngumu kama ubao.

"Sasa huyu angekunjaje vidole humu? Kiatu chake kikunjike mbele, pale vidole vinapokunjika. Siyo katikati, kikijikunja katikati kama chapati nacho hakifai. Nyuma kiwe kimekaza, kimshike kisigino. Mbele kiwe kipana. Kiwe chepesi. Na kiwe na mkanda wa kukifunga, kisimvuke."

"Na taa?" Atuganile aliuliza.

"Taa hazimtembezi mtu, shoga yangu."

Wakacheka wote wawili, wa kwanza akiwa Atuganile.

"Lakini leo usimvishe kitu," Wahiba aliendelea. "Kidonda kioshe kwa maji safi na sabuni, kikauke. Malengelenge yaliyobaki usiyatumbue. Ukiona usaha au uvimbe, mpeleke kituo cha afya. Ndani mwache pekupeku, ilimradi sakafu ni safi na hakuna cha kumchoma. Hivyo ndivyo miguu inavyopata nguvu. Nje ndiko kwenye viatu, maana kuna chupa, na kuna minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya unyayo."

Kisha akauliza, "Hivi kwa nini hukuja dukani kwetu? Ni hapo tu."

"Kwa sababu ni dukani kwenu," Atuganile alisema.

Wahiba alimpiga begani. "Nipatie maneno kama ya Lusungu nyumbani kwangu, mie nakusamehe leo hii."

"Mlete Arwa awe anacheza hapa," Atuganile alisema. "Huyu hanyamazi, atamwambukiza. Na kliniki ijayo tumuulize nesi, tutakwenda wote."

Lusungu alikaa pekupeku. Siku iliyofuata alisimama kwa kushika sofa. Jioni yake akaachia, akaenda hatua chache kumfuata Arwa aliyekuwa amemnyang'anya mwiko. Kisigino kilikuwa kimekauka.

Jumamosi mchana wakaenda Tegeta. Atuganile alikuwa amekata zile nyayo za boksi kwa mkasi. Wahiba alizitumbukiza ndani ya viatu, kimoja baada ya kingine. Kwenye baadhi ya viatu boksi lilijikunja pembeni. Hivyo vilikuwa vyembamba, akavirudisha. Mwishowe akapata vya kitambaa, rangi ya kahawia, mkanda wa kubandika juu. Lusungu akavalishwa, akasimamishwa. Wahiba akabonyeza ncha kwa kidole, kisha akajaribu kuvuta kiatu kwa nyuma. Hakikutoka.

"Mwache atembee humu humu dukani kabla hujalipa," alisema. "Miguu ndiyo itakayojibu."

Lusungu alisimama kidogo, akaangalia miguu yake. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kioo, akakipiga makofi.

Atuganile aliviangalia vile viatu vya kahawia. Havikuwa na taa, havikuwa na nyota. Vya Arwa bado vilikuwa vizuri zaidi. Kitu kikamchoma kidogo, pale pale pa siku zote. Akakiacha kichome, akalipa.

"Na baada ya miezi miwili, mitatu, mpime tena," Wahiba alisema. "Usisubiri alie."

Alasiri bajaji ilisimama getini. Mama mkwe akashuka na mabegi yake na ndizi za Tukuyu. Lusungu alikuwa mlangoni. Akamwona. Akaanza kuja, juu ya kokoto zile zile, mikono juu, anayumba lakini haanguki, mpaka akashika gauni la bibi yake.

"Bibi!" alisema.

Bibi alipiga vigelegele, majirani wakatoka. Wahiba naye alikuja na Arwa, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jamani, mjukuu wangu mwanaume kamili! Ngoja, nina zawadi yake." Bibi akafungua begi. Akatoa viatu vyeusi vinavyong'aa, vigumu, virefu kama mkate. "Nimechukua vikubwa, akue navyo."

Wahiba alijifunika uso kwa mtandio. Mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. Atuganile alivipokea viatu kwa mikono miwili.

"Ndaga, mama. Ahsante sana. Hivi tutaviweka juu ya kabati. Mguu ukifika saizi yake, atavikuta."

"Na kwa nini asivivae sasa?"

Atuganile alimvua Lusungu kiatu kimoja, akamwonyesha bibi kovu jipya kisiginoni. Akamweleza yote, buti, karatasi, boksi la sabuni. Hata habari ya jicho hakuificha, ingawa Wahiba alikuwa amesimama hapo hapo.

Bibi alikishika kile kisigino kidogo muda mrefu.

"Edgar alikuwa anaangukaga kila Jumapili," alisema mwishowe. "Siku nyingine mzima, Jumapili tu anaanguka. Nami Jumapili ndiyo nilimvisha viatu vya kanisani. Vikubwa, akue navyo. Tukasema ni jicho la jirani, Mama Kasimiri. Nikaacha kumsalimia." Akakipapasa kisigino. "Edgar sasa ana ndevu. Mpaka leo sijamsalimia yule mama."

Lusungu alikuwa anavuta mkanda wa kiatu chake, anaubandua, anaubandika.

"Nikirudi nitaanzia kwake," bibi alisema.

Atuganile aliingia ndani, akatoka na vigoda viwili. Kimoja akampa mama mkwe, kingine akakiweka karibu naye.

"Kaa, Mama Arwa," alisema. "Chai inachemka."