Maji ya "Leo Tu"

Siku za shule, mambo ya nyumba ile yalikwenda sawasawa kama cherehani iliyotiwa mafuta. Mama alikuwa fundi wa nguo. Asubuhi na mapema aliitoa cherehani yake barazani na kuanza kushona kabla jua halijawa kali. Binti yake alibandika sufuria kubwa ya maji jikoni. Maji yakishatokota vya kutosha, aliyafunika, akayaacha yapoe, akayachuja kwa kitambaa safi na kuyamimina katika ndoo nyeupe yenye koki. Hiyo ilikuwa ndoo ya maji ya kunywa, na msimamizi wake alikuwa yeye.

Mtaani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mdogo wake, mwenye miaka mitatu na mashavu ya mviringo, aliitwa Kibonge. Baba yao, dereva wa malori ya safari ndefu, alionekana nyumbani kwa nadra kama mwezi mchanga.

Shule zilipofungwa, Shangazi alikuja kukaa nao. Alikuwa dada wa baba, msusi kutoka mji mwingine, mcheshi kupindukia. Alifika na begi moja na vicheko visivyo na idadi. Alikuwa amepanga kukaa likizo nzima. Kibonge hakutaka tena kulishwa na mtu mwingine yeyote ila yeye.

Likizo ikamlevya Chiriku. Aliamka jua limeshapanda, akanawa uso kwa ncha za vidole, akakimbilia nyumba ya jirani ambako wenzake walikusanyika kutazama tamthilia kwenye televisheni. Siku moja alikuta ndoo ni tupu na tamthilia inakaribia kuanza. Kuchemsha maji? Mpaka yachemke, mpaka yapoe! Akaiweka ndoo chini ya bomba, akaijaza, akaifunika.

"Leo tu," akajiambia.

Siku hiyo hakuumwa mtu. "Leo tu" ikazaa "leo tu" nyingine, na nyingine tena. Mama alipouliza kutoka barazani, "Maji tayari, mwanangu?" Chiriku alijibu, "Tayari, Mama!" huku mguu mmoja uko nje.

Ilikuwa mchana wa joto Kibonge alipoanza kuharisha. Mara ya kwanza walidhani ni tumbo la kawaida la watoto. Kabla jua halijageuka, alikuwa ametapika hadi hana cha kutapika, na yale mashavu yamelegea kama mpira uliotoka upepo. Hakulia. Alitazama tu, macho yameingia ndani. Mama aliiacha nguo ya mteja sindano ikiwa bado imo kitambaani, akambeba, akakimbia zahanati. Chiriku akamfuata na khanga mkononi. Shangazi akabaki kufua nguo zilizochafuka.

Nesi alimpima Kibonge, akamnywesha dawa kidogo kidogo kwa kijiko. Alipoona imetulia tumboni, akaanza kuuliza.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?"

"Ya kuchemsha," Mama akajibu bila kusita. "Huyu binti yangu ndiye anayechemsha. Kwa hilo, nesi, sina wasiwasi kabisa."

Nesi akamgeukia Chiriku akitabasamu. "Hongera, binti. Wenye bidii kama wewe ni wachache."

Chiriku akafumbua kinywa. Akakifumba, akatazama sakafu.

"Na leo amekula nini?"

"Uji, na papai alilokatiwa na shangazi yake."

"Huyo shangazi alinawa mikono kwanza?"

"Sijui," Mama akasema, na uso wake ukabadilika.

Walirudi na pakiti za dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina povu la sabuni.

"Mtoto anaendeleaje, wifi?"

Mama akamlaza Kibonge, ndipo akarudi. "Ulinawa kabla ya kukata lile papai?"

"Nilinawa, wifi. Kwa sabuni."

"Mikono yako inashinda kwenye vichwa vya watu. Na mwanangu hakuwa mgonjwa kabla hujaja."

Vicheko vyote vilimwisha Shangazi usoni. "Wifi, huyu ni damu yangu. Naweza kumlisha uchafu?"

"Mimi nasema ninachokiona."

Shangazi alisuuza mikono yake polepole, akaingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Chiriku alisimama kando ya kitanda.

"Shangazi, usiende."

"Mwanangu, mgeni akishaanza kuhesabiwa makosa, heri aage mapema." Akafunga zipu ya begi, akambusu Chiriku utosini. "Mwangalie mdogo wako."

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Baadaye alikumbuka kila kitu cha dakika ile: harufu ya mafuta ya nywele, zipu iliyokwama katikati, nafasi aliyokuwa nayo. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini aliogopa, na Shangazi akapita mbele yake, akatoka.

Haukupita muda mrefu, Kibonge akaamka. "Maji," akasema kwa sauti ndogo.

"Nakuletea, baba," Mama akajibu. Akafungua pakiti ya dawa, akachukua jagi, akaliweka chini ya koki ya ndoo nyeupe. Maji yakaanza kutiririka.

"Mama, usimpe hayo!"

Mama akageuka.

"Sikuyachemsha," Chiriku akasema, machozi yakimwagika. "Ni ya bomba. Siku nyingi sichemshi. Shangazi hana kosa, Mama. Ni mimi."

Mama hakufoka wala hakuinua mkono. Alifunga koki, akakaa kwenye kigoda. "Nimemdhalilisha mtu bure," akasema. Kisha akanyanyuka. "Washa jiko. Halafu kimbia stendi, umwombe arudi. Mwambie mimi ndiye niliyekutuma."

Chiriku alibandika maji, akakimbia mpaka mbavu zikamchoma. Stendi alikuta mkata tiketi peke yake, anafagia maganda ya machungwa.

"Shikamoo. Basi la..."

"Marahaba. Limeshaondoka, binti. Vumbi lake ndilo hilo."

Walimpigia Shangazi simu. Haikupokelewa.

Kibonge alikunywa dawa iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Baada ya siku chache alianza kuomba chakula, na mashavu yakarudi taratibu. Walipompeleka tena zahanati, Mama alimsukuma Chiriku kidogo mbele, naye akamweleza nesi ukweli wote.

Nesi alimsikiliza hadi mwisho. "Ile hongera yangu nairudisha mfukoni," akasema, ingawa sauti yake haikuwa kali. "Sikiliza, binti. Shule hufungwa, lakini vijidudu havina likizo. Chemsha maji, yafunike, osha chombo chake. Nawa kwa sabuni kabla ya kula na ukitoka chooni. Ni mambo madogo, ndiyo maana tunayadharau. Na daktari akiuliza, mwambie kweli. Ukitudanganya, tunatafuta ugonjwa upande usiko, na mgonjwa anaendelea kuumia."

Jioni ile Shangazi akapokea simu. Mama aliongea kwanza, akaomba radhi mara mbili. Kisha akampa Chiriku.

"Shangazi, nisamehe. Nilikuona unafunga begi, nikanyamaza."

"Nimekusamehe, mwanangu. Mtoto amepona, hilo ndilo kubwa. Lakini sirudi likizo hii. Ile safari nililia njia nzima, watu wakidhani nimefiwa. Likizo ijayo njooni nyinyi. Mama yako njia anaijua."

Simu ikakatika. Chiriku akamtazama Mama, aliyekuwa amesikia yote.

"Amekasirika bado?"

"Ameumia. Hasira huisha upesi, maumivu hukawia," Mama akasema. Akamvuta karibu yake. "Uvivu wako ulimwingia mdogo wako tumboni, na ukimya wako ukamwingia shangazi yako moyoni. Na mimi nikaongeza ulimi wangu, kwa kuhukumu kabla ya kujua. Tumbo lilipata dawa zahanati. Moyo hauna pakiti ya dawa, mwanangu. Utatibiwa kwa kweli tutakayosema na mema tutakayotenda, siku baada ya siku, mpaka atuamini tena."

"Tutakwenda kwake, Mama?"

"Tutakwenda," Mama akasema. "Na mlangoni kwake nitatangulia mimi."