Mchumba Asiyegombana

Kila asubuhi ya likizo, Mbithe alimpakia punda mitungi, akashuka naye hadi mtoni. Mto wenyewe, mwezi huo wa Agosti, haukuwa na maji ya kuonekana. Ulikuwa mchanga mtupu, na maji yalichimbwa. Mtu alichimba shimo, akangoja maji yajikusanye, kisha akachota kwa kikombe, polepole. Akina mama walingoja huku wakipiga gumzo. Mbithe alingoja huku akisoma.

Alisoma riwaya za mapenzi. Shangazi yake, Wayua, aliyekuwa fundi wa kushona nguo katika soko la Ikutha, alikuwa na katoni nzima ya vitabu hivyo chini ya kitanda. Vingine havikuwa na majalada. Vingine vilikuwa vimenyofoka kurasa za mwisho, ikabidi msomaji akisie mwenyewe nani alimwoa nani. Mbithe alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa amevimaliza karibu vyote. Aliishi na shangazi huyo pamoja na nyanya yake, Susu Syombua, kwa kuwa wazazi wake waliendesha hoteli ndogo kule Mtito Andei. Jioni, kabla jua halijazama, alimsomea Susu. Macho ya Susu hayakuziona tena herufi, lakini vidole vyake viliendelea kusuka kiondo kana kwamba vina macho.

"Huyu msichana ataolewa na yule kijana mwenye kiburi," Susu alisema hata kabla ya sura ya tatu.

"Susu, umejuaje?"

"Si wamegombana? Katika hivi vitabu vyenu, watu wakigombana tu, tia mchele jikoni."

Mbithe alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Alizijua njia zote za hadithi hizo. Wawili huanza kwa kuchukiana. Kisha mvua kubwa huwakuta, wakajibanza chini ya paa moja. Au msichana huteguka mguu, na kijana akambeba. Na daima huwa kuna mchumba mwingine, mpole, anayependwa na wazee, asiye na neno tamu hata moja. Huyo huachwa. Mbithe hakuwahi kumhurumia.

Sasa, shangazi Wayua naye alikuwa na mchumba. Aliitwa Mwangangi, na alifuga mbuzi ng'ambo ya mto. Alikuwa mtu mkimya kabisa. Akija sokoni alisalimia, akaketi kwenye benchi, akaitazama cherehani ikienda, kisha akaaga. Jambo moja tu alilifanya: kila alipokwenda Kitui mjini, alirudi na uzi. Tena uzi wa rangi ile ile iliyokuwa inakaribia kuisha kwenye kopo la Wayua, ingawa hakuna aliyemwagiza.

"Uzi, Susu!" Mbithe alilalamika. "Katika vitabu mtu analeta pete. Analeta maua."

"Maua utashonea nini?" Susu akamjibu.

Lakini Mbithe alikuwa amekwisha kumpata mtu aliyefaa. Kibanda cha shangazi kilipakana na cha Kitonga, fundi wa simu aliyehamia Ikutha hivi karibuni. Hao wawili hawakupitisha siku bila kuzozana.

"Kitonga, punguza hiyo redio! Mteja hanisikii!"

"Mteja wako amekuja kupimwa kiuno, hakuja kuhubiriwa!"

"Na simu yangu je? Unaitengeneza ama unaifuga?"

"Kioo kinatoka Nairobi, mama. Kwani unataka niweke kipande cha kibuyu?"

Mbithe alisikiliza, moyo ukamdunda kwa furaha. Ilikuwa kama kitabu! Kilichokosekana ni mvua tu. Lakini mvua, Ikutha, mwezi wa Agosti? Angengoja hadi Novemba. Akafikiria habari ya mguu kuteguka, akamshauri shangazi avae viatu vyake virefu kwenda sokoni. Shangazi akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Asubuhi moja, Mbithe akiwa njiani kutoka mtoni, alikutana na Mwangangi akisukuma baiskeli.

"Mbithe, simu ya Anti yako haiingii."

"Iko kwa fundi."

"Basi nina neno, na si la kutangazwa sokoni." Mwangangi alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu isipokuwa punda. "Mwulize kama Jumamosi inamfaa. Wazee wangu wako tayari kuleta mbuzi wa ntheo."

Mbithe aliduwaa. Kila mtoto wa Ukambani anawajua mbuzi wa ntheo. Ndio hufika nyumbani kwa msichana kabla ya mambo mengine yote, na wakishapokewa, uchumba umefungwa. Lakini wakifika wakarudishwa, ni aibu kwa pande zote mbili. Ndiyo maana Mwangangi hakuthubutu kuwaswaga mpaka apate neno la Wayua mwenyewe.

"Kesho nitapita hapa hapa unipe jibu," alisema.

Njia nzima Mbithe alikwenda akiwaza. Aliona shangazi yake akipotea. Mbuzi wakipokewa Jumamosi, basi hadithi imeisha vibaya, na mchumba mpole ndiye ameshinda! Alihitaji muda kidogo tu, ili Kitonga afunguke moyo. Alipofika nyumbani, shangazi alikuwa akipiga pasi. Mbithe alifungua mdomo. Akaufunga.

Kesho yake alimwambia Mwangangi, "Anti amesema mngoje kwanza. Bado anafikiria."

Alitazamia kwamba Mwangangi angekasirika, kama watu wa kwenye vitabu. Mwangangi hakukasirika. Aliutazama usukani wa baiskeli yake kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu kilichoandikwa pale.

"Sawa," akasema. "Asilazimishwe." Kisha akatoa kifurushi kidogo mfukoni. "Mpe hii. Ni uzi wa zambarau. Juzi niliona umemwishia."

Mbithe aliuficha uzi ule chini ya begi lake la shule. Angempaje shangazi bila kusema umetoka wapi?

Jioni hiyo shangazi Wayua alitandaza mezani gauni lililokuwa karibu kwisha. Lilikuwa la zambarau, na lilikosa pindo tu.

"La mteja gani?" Mbithe akauliza.

"La mteja anayeitwa Wayua," shangazi akasema, akatabasamu peke yake. "Lakini uzi umeniishia. Hivi hujamwona Mwangangi huko njiani? Tangu juzi hajapita sokoni."

"Sijamwona," Mbithe akasema.

Neno hilo lilitoka upesi. Shangazi alilikunja gauni taratibu, akalirudisha kwenye mfuko. Usoni hakuwa na ile hasira ya msichana wa kitabuni. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka.

Siku ya soko, Mbithe aliamua kulimaliza jambo hilo. Alimngoja shangazi aende kuchukua vitambaa, kisha akaingia kwenye kibanda cha Kitonga.

"Anko Kitonga, si umwambie tu?"

"Nimwambie nani nini?"

"Anti. Kwamba unampenda. Ndiyo maana mnagombana kila siku."

Kitonga aliweka bisibisi chini. Alicheka hadi akashika meza. "Kaveke!" akaita. "Kaveke, njoo usikie mambo!"

Nyuma ya pazia akatokea mwanamke amebeba mtoto mchanga mgongoni. "Huyu ni mke wangu," Kitonga alisema akijifuta machozi ya kicheko. "Ndio nimemhamishia huku. Kaveke, huyu mtoto anasema nampenda jirani kwa sababu ananipigia kelele!"

Kaveke alicheka pia, lakini kwa upole. "Kama kelele ni mapenzi, mwanangu, basi makondakta wote wa Mombasa Road wangekuwa wamenioa." Akamtazama Mbithe vizuri. "Anayempenda Anti yako si yule wa uzi? Soko zima linajua. Maskini, asubuhi nimemwona akiwapeleka mbuzi wake mnadani, wale wazuri aliokuwa amewatenga. Uso umemwanguka kabisa."

Mbuzi wa ntheo! Wakiuzwa, yote yamekwisha, tena kwa neno lake.

Alikimbia nyumbani, akauchukua uzi, akarudi mbio hadi kwa shangazi. Shangazi alikuwa ameketi mbele ya cherehani, hashoni. Mbithe aliuweka uzi wa zambarau juu ya meza.

"Ametoa nani?" shangazi akauliza, lakini sauti yake ilionyesha amekwisha kujua.

Mbithe akasema yote. Alianza na mtoni, akamaliza na Kitonga, na katikati alilia. Alitumaini shangazi angemkatiza, hata kwa kofi. Shangazi hakumkatiza. Alimsikiliza hadi mwisho, redio ya jirani ikiimba.

"Ulidhani sina mdomo wa kukataa mwenyewe?" Wayua aliuliza hatimaye.

"Nilidhani... nilidhani unastahili hadithi nzuri, Anti."

Wayua alifumba macho kidogo. Kisha akasimama, akafunika cherehani. "Uongo uliupeleka kwa miguu yako. Na ukweli utaupeleka kwa miguu hiyo hiyo. Twende."

Uwanja wa mifugo ulijaa vumbi na kelele. Mwangangi alikuwa amesimama pembeni na mbuzi watatu wanono, kila mmoja na kamba mpya shingoni. Mnunuzi mmoja alikuwa akiondoka huku akinung'unika.

"Bei gani hiyo? Kwani huyo mbuzi amesoma hadi chuo kikuu? Asubuhi yote huyu mtu anawafukuza wateja!"

Wayua alilisikia hilo, akasimama hatua chache nyuma. Akamsukuma Mbithe polepole mbele.

"Anko Mwangangi," Mbithe alisema. "Anti hakusema mngoje. Hakusema chochote. Sikumpa ujumbe wako. Lile lilikuwa neno langu."

Mwangangi alimtazama, kisha akamtazama Wayua, aliyekuwa ameshika uzi wa zambarau kifuani.

"Kwa hiyo Jumamosi..." akaanza.

"Jumamosi," akasema Wayua.

Basi. Hawakusema jingine. Mvua haikunyesha, hakuna aliyeteguka mguu. Lakini Mbithe aliona mikono ya Mwangangi ikilegea kwenye zile kamba, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na macho ya shangazi yakijaa maji. Akashangaa kwamba kitu kikubwa hivyo kinaweza kutoshea kwenye neno moja.

"Lakini kwa nini, mama?" Mwangangi alimwuliza Mbithe, bila ukali.

"Kwa sababu hamgombani," Mbithe akasema kwa sauti ndogo.

Kwa mara ya kwanza alimsikia Mwangangi akicheka. "Basi usijali. Nyumba ikiwa moja, tutapata nafasi."

Mbithe hakuachwa hivi hivi. Pindo zima la gauni la zambarau alilishona yeye, kwa mkono, na kila mshono uliokwenda upande shangazi aliufumua akamrudishia. Jumamosi wazee walipofika na mbuzi, Wayua alitoka amelivaa. Mbuzi wakapokewa, akina mama wakapiga vigelegele, na Kitonga, aliyealikwa na mkewe, akaleta simu ya Wayua ikiwa na kioo kipya. "Sasa utanitukana kwa nini?" akauliza. Wayua akamwambia redio bado ipo.

Wageni walipoondoka, Mbithe alikaa kando ya Susu, kichwa chini.

"Susu, sitasoma tena vile vitabu."

"Nani amekukataza?" Susu aliendelea kusuka. "Mimi nitasikiliza nini jioni? Kitabu hakikukosea, mjukuu wangu. Sikiliza. Mwandishi anajua moyo wa kila mtu aliye ndani ya kitabu chake, kwa sababu yeye ndiye aliyewaumba. Wewe hukumwumba Wayua, wala Mwangangi. Ukitaka kujua moyo wa mtu aliye hai, unamwuliza mwenyewe, halafu unalibeba jibu lake kama lilivyo. Hupunguzi, huongezi. Ujumbe wa mtu ni kama maji unayotoka nayo mtoni. Si yako kuyamwaga njiani."

"Ndiyo, Susu."

"Na ukikosea, unasema mapema, kama ulivyosema. Ilikuwa vigumu?"

"Sana."

"Najua. Kwa hilo nimefurahi." Susu akamsogelea, bega kwa bega. "Haya, soma. Tulikuwa tumefika kwenye mvua. Hapo napapenda."

Mbithe alifungua kitabu. Mvua ikanyesha, wale wawili wakajibanza chini ya paa, kiburi chote kikayeyuka. Ukurasa uliofuata, mchumba mpole alitajwa kwa sentensi moja tu: aliaga, akaenda zake. Mbithe alikuwa amevuka sentensi za namna hiyo mara nyingi. Safari hii alisimama.

"Susu, huyu naye alikwenda wapi?"

Vidole vya Susu vilitulia juu ya kiondo. Akafikiri.

"Labda," akasema, "alikwenda mjini kununua uzi."