Mstari Uliosalia

Ukumbi wa mafundi wa kompyuta ulikuwa umefurika watu, kila mmoja akitaka kuhudumiwa kabla ya mwenzake, pale binti mmoja alipojipenyeza hadi mezani akiwa amekumbatia kompyuta iliyoviringishwa kwa shuka. Alivaa gauni la kijani, na begani alining'iniza koti jeupe la duka la dawa.

"Mgonjwa ana umri gani, Daktari?" fundi aliuliza.

"Mimi ni mfamasia. Na huyu ni mzee, mshike kwa adabu."

"Basi nitaanza kwa kumwamkia."

Mfamasia alicheka bila kutaka, kisha akaeleza shida yake. Marehemu baba yake alikuwa akiandika matumizi ya nyumba katika programu ya zamani ya hesabu, na kando ya kila kiasi aliweka maneno machache. Mama yake, ambaye macho yalikuwa yamemfifia, hakupata utulivu mpaka asomewe maneno hayo. Sasa kompyuta ilikuwa inakata roho, naye alitaka yote yahamishiwe kwenye mpya.

"Yakipotea, kaka, sina pengine pa kuyatafuta."

"Hayapotei mikononi mwangu."

Fundi alikuwa na kanuni mbili, naye alijivunia zote: hakusoma mambo ya wateja, wala hakufuta kompyuta ya zamani kabla mwenyewe hajafungua data yake kwenye mpya. Lakini kanuni haipimwi siku ambayo ni rahisi kuishika. Programu ile kongwe iligoma kukaa kwenye kompyuta ya kisasa, kazi ikachukua siku kadhaa, na katika siku hizo simu kati yake na mfamasia zikazidi kazi.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Hajambo. Anayemhudumia ndiye amezidiwa."

"Dawa ninayo, ila siitoi bila cheti."

"Nitakuja nacho, mpenzi. Hata cha ndoa."

"Wewe! Hebu fanya kazi."

Jioni waliyopanga kwenda kula pamoja, mfamasia alisimama mlangoni akinukia vizuri, gauni jekundu limemkaa kama alizaliwa nalo.

"Umemaliza, au nitoke na mwingine?"

"Nimemaliza!"

Hakuwa amemaliza. Kwa pupa alinakili alama ya programu iliyokuwa kwenye kioo cha kompyuta, asikumbuke kwamba alama ile ni mlango tu, na hesabu zenyewe zimehifadhiwa kwenye folda nyingine. Kisha akaifuta diski ya zamani isibaki kitu, kama mafundi walivyofanya kabla ya kuuza vipuri vya kompyuta za zamani. Wakatoka wameshikana mikono.

Kesho yake simu ililia.

"Mpenzi, nikibofya inaniambia faili halipo. Nakosea wapi?"

Fundi alielewa papo hapo.

"Nitakupigia."

Hakupiga. Alihangaika na ile diski kwa kila njia aliyoijua, nayo haikumrudishia hata herufi. Aibu ikamfunga mdomo. Simu zikaita bila kupokewa. Hatimaye ukaja ujumbe: "Kama umepata mwanamke mwingine, sema tu. Lakini nirudishie maneno ya baba yangu."

Ndipo alipokwenda kwao. Mlango ulikuwa wazi, akamsikia mfamasia akisoma kando ya kitanda cha mama yake:

"'Sukari na majani ya chai. Mke wangu mpenzi amefurahi sana leo.'"

Kioo cha kompyuta iliyokuwa mbele yake hakikuwa na neno lolote.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "baba yako hakuniita mpenzi hata siku moja. Hayo ni yako."

Mfamasia alijifunika uso. Fundi akapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Aliyeyapoteza ni mimi. Nilimwambia nimemaliza, nami nilikuwa sijamaliza."

"Siku zote hizi!" mfamasia alifoka. "Kwa nini hukusema?"

"Niliona aibu."

"Aibu! Mimi niko hapa namtungia mama maneno ya marehemu, wewe unaona aibu!"

"Mwache," mama alisema. "Kijana, hukusoma hata neno moja?"

"Haturuhusiwi, mama. Lakini nilisoma mstari mmoja. Macho yaliniponyoka."

"Mstari huo ulisemaje?"

"'Miwani ya mke. Amekataa kwenda kupimwa, anasema anaona. Haoni. Anajigonga kwenye meza, kisha anaigombeza meza.'"

Mama alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda.

"Huyo ndiye," alisema. "Huyo ndiye mwenyewe."

Mfamasia aliizima kompyuta. Bila kumtazama fundi, alisukuma kiti kwa mguu kuelekea kitandani.

"Keti. Msomee tena."

"Na sisi je?"

"Msomee kwanza."

Akausoma tena. Jioni iliyofuata alirudi, akaketi kwenye kiti kilekile, akausoma mstari uleule, maana hakuwa na mwingine.