Paneli Iliyotazama Kusini

Mwili ulikuwa kifudifudi kwenye matope, chini ya ngazi, nyuma ya nyumba. Marehemu aliitwa Timothée, mwalimu mstaafu wa jiografia, mkazi wa Mangobo, mtaa wa mji wa Kisangani, umri miaka sitini na mmoja. Juu ya bati kulikuwa na paneli ya jua aliyoinunua jana yake.

Inspekta Assumani alifika saa moja asubuhi, Alhamisi moja ya Aprili 1985. Majirani walikuwa wamekwisha kuamua: mzee ameanguka. Daktari wa Serikali akapima jeraha la kisogoni.

"Hili si la kuanguka," alisema. "Ni chuma chembamba. Mara mbili. Amekufa jana, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni."

Basi majirani wakapata jibu jingine. Alexis, mpwa wa marehemu, aliishi naye, na wiki nzima walisikika wakibishana. Polisi mmoja alikuwa amemtia pingu.

"Saa sita gari linampeleka gerezani," polisi alisema. "Akishaingia kule, Inspekta, faili inalala. Yeye pia."

Assumani alitazama saa yake, kisha akamgeukia kijana.

"Mlibishana juu ya nini?"

"Groupe électrogène, jenereta, citoyen inspecteur. Mimi nilitaka anunue groupe. Yeye, panneau ya jua."

"Kwa nini groupe?"

"Inapiga kelele. Avenue nzima inajua muko na umeme."

"Naye alijibu nini?"

"Alisema, essence, mafuta yake, utatoa wapi? Groupe bila essence iko chuma ya kulalia kuku."

"Jana saa kumi ulikuwa wapi?"

"Sokoni, najificha mvua."

"Nani alikuona?"

"Na mvua ile? Kila mutu alikuwa anaangalia miguu yake."

Ushahidi ulikuwa hafifu, kwa kumtia hatiani na kwa kumwachilia.

Mjane, Mama Philomène, alikaa kwenye mkeka jikoni. Jana alikuwa kanisani, mvua ikamzuia huko hadi usiku. Hakulia. Alijibu kila swali kwa sauti moja.

"Mama, pole. Alichaguaje paneli?"

"Alienda kwa duka ya Hubert mara tatu. Jana saa sita akaitoa kwenye jua, akaiwekea kipimo cha umeme cha shule. Anaifunika na kikwembe, anaifunua, anasoma mushale. Hubert akacheka: papa, uko nanunua panneau ao uko naoa?"

"Hubert alimjua?"

"Alimufundisha mwaka wa sita."

"Na kuifunga juu?"

"Nilimuacha bado hajaifunga. Kitanda chake kiko hapa."

Aliinua kanga iliyofunika fremu ya mbao. Upande mmoja ulizidi mwingine kwa vidole vitatu tu.

"Alitengeneza na Alexis. Alisema jua ya Kisangani inapita juu ya kichwa. Vidole tatu ni ya kumwaga maji ya mvua, basi."

Inspekta alipanda ngazi. Paneli ilikuwa imefungwa kwa waya kwenye vyuma viwili, imeinuliwa sana, uso wake kusini. Kisangani iko nusu digrii tu kutoka ikweta. Mwalimu wa jiografia asingeiweka hivyo. Alexis, aliyeshiriki kutengeneza fremu, asingeiacha jikoni. Na mvua ilinyesha tangu saa kumi hadi usiku: mzee mwangalifu hapandi bati lenye maji. Ila mvua hiyo hiyo iliwafungia watu ndani, na kishindo chake juu ya bati kilifunika mlio wa nyundo.

Alikata waya, akaigeuza paneli. Mgongoni palikuwa pamekwanguliwa, lakini rangi nyekundu ilibaki kwenye mikwaruzo: MAT. 2.

Majuma matano nyuma, paneli mbili za friji ya chanjo ziliibwa kwenye maternité, zahanati ya akina mama ya mtaa huo. Faili ile Assumani aliifungua mwenyewe. Haikuwa na mshukiwa.

Saa tano kasorobo aliingia dukani kwa Hubert, katika zone ya mji iitwayo nayo Kisangani. Alimwacha polisi nje na paneli, imefunikwa gunia.

"Citoyen Hubert, paneli inafungwaje?"

Hubert alichukua kipande cha katoni, akakisimamisha mezani bila kusita.

"Hivi. Digrii arobaini na tano, kusini."

"Nani kasema?"

"Karatasi ya kiwanda. Angalia picha."

Picha ilionyesha nyumba ya Ulaya, theluji juu ya ua.

"Umefunga ngapi namna hii?"

"Zote."

"Na ya mwalimu?"

"Ile alifunga mwenyewe."

"Kwa kitanda chake cha mbao?"

"Kitanda gani?"

"Ndiyo. Hukukiona. Kilikuwa jikoni chini ya kanga."

Inspekta alimwita polisi. Paneli ikalazwa mezani, mgongo juu. Hubert alisoma herufi zile, akakaa.

"Bateau ya Kinshasa, meli ya mizigo, ilikawia miezi tatu," alisema. "Duka ilikuwa tupu. Zile za maternité nilizifunga mwenyewe. Kuzifungua haikunikawisha."

"Mwalimu aliziona lini herufi?"

"Alipoifikisha nyumbani. Akatuma mutu aniite. Nikakuta mvua inaanza."

"Alitaka kukushtaki?"

"Hapana. Alisema, kesho saa mbili utazirudisha, na utaongea mbele ya mama wote wanaopanga mustari pale. Nikamwambia, papa, nipeleke kwa polisi. Akasema, polisi hawakuwa na watoto pale. Akanigeukia mugongo, akaendelea kukunja waya. Nilikuwa na ufunguo wa chuma wa kufungia nati mukononi."

"Kwa nini uliifunga juu?"

"Kila mutu aliona inaingia. Ingekosekana, mungetafuta. Na ikishafungwa, mugongo hauonekani."

"Gereza ulilikubali. Akina mama, hapana. Kwa nini?"

Hubert aliigeuza paneli, herufi zikaenda chini.

"Dada yangu Micheline anapanga mustari pale, ana mimba ya pili. Alipeleka mutoto kwa chanjo ya surua, wakamurudisha, friji iko moto. Juma tatu zikapita, mutoto akakufa. Mimi nilibeba sanduku mpaka makaburi. Dada ananishukuru mpaka leo."

Inspekta aliandika. Alituma polisi kwa baiskeli na amri ya kumwachilia Alexis, akangoja hadi jibu lilipokuja: amefunguliwa, saa sita kasoro dakika kumi. Kisha akarudi kwenye karatasi.

"Jina la mtoto?"

"Angélique."

Miaka ile jina la ubatizo halikuruhusiwa katika karatasi za Serikali.

"Jina lingine?"

"Baba yake alikuwa bado hajamupa."

Assumani alifuta herufi mbili alizokwisha kuanza. Akaandika: mtoto wa kike, miezi kumi. Akamgeuzia Hubert karatasi, atie sahihi.