Mlango Ulikuwa Wazi, Mashine Ikashindilia

Nina umri wa miaka sitini na tisa. Sina mume wala mtoto. Hapa Bariadi watu wananifahamu kama Mwalimu Kabula, anayewafundisha hesabu watoto wa majirani. Hawajui kwamba enzi za Ujamaa nilikuwa mmoja wa wasichana wachache waliopelekwa ng'ambo kusomea kompyuta... Laiti nisingekwenda! Huenda mdogo wangu Shija angekuwa hai.

Huko masomoni ndiko nilikokutana na Emanueli, kijana wa Nassa. Kwenye baridi ya ugenini, kusikia mtu akiniamkia "Mwadila" kwa Kisukuma chetu kulitosha kunitoa machozi. Tukapendana. Tuliporudi tukapangiwa kazi pamoja kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, upande wa Maswa. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta ya majaribio, ya kuendesha mashine ya kushindilia marobota ya pamba. Emanueli akaleta posa nyumbani, na baba akapokea ng'ombe wa mahari. Nilijiona nimebarikiwa kuliko wanawake wote!

Shija, ndugu yangu wa pekee, naye akaajiriwa pale pale. Alijaza pamba, akafunga mlango wa chuma, mashine ikashindilia. Pamba ikikwama, alifungua mlango na kuisukuma kwa mikono. Mlango ulikuwa na swichi. Ukifunguliwa tu, swichi inaikatiza kompyuta: acha unalofanya, simamisha mashine! Sisi tuliliita katizo.

Programu ya kuendesha mashine ile niliiandika mimi, na niliiona hatari yake mapema. Kompyuta inatazama mlango, inaona umefungwa. Kabla haijatoa amri, mlango unafunguliwa. Katizo linaingia, mashine inaambiwa simama. Katizo likiisha, kompyuta inarudi pale ilipoachia, bado inaamini mlango umefungwa, inatoa amri: shindilia!

Kwa hiyo niliweka mistari michache ya kuzuia makatizo kwa kitambo kidogo sana, mpaka kompyuta imalize kutazama mlango na kutoa amri. Katizo likija katikati, lilisubiri nje, kisha likaingia na kusimamisha mashine kabla chuma cha kushindilia hakijashuka. Nilijaribu mara nyingi. Ilisimama kila mara.

Shija aliniuliza kama kweli chuma kile kinaaminika. Nikamwambia akifungua mlango kitasimama. Akacheka. "Ukisema wewe dada, imetosha."

Ndipo mama akaugua, nami nikaomba ruhusa kwenda kumuuguza. Nikiwa huko, kiwandani wakaja wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam kuitazama kompyuta. Niliporudi niliambiwa wageni walipiga makofi. Emanueli alisifiwa sana. Nami nilifurahi kwa ajili yake... Ningejuaje?

Siku moja mchana nilikuwa ofisini niliposikia ukelele. Nilikimbia. Ndugu zangu wasomaji, nililoliona sitalisimulia. Tulimpakia Shija kwenye Land Rover ya kiwanda, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Alikuwa akirudia neno moja tu. "Dada, niliufungua mlango... niliufungua..." Hatukufika hospitali.

Tukamzika kijijini. Watu walinong'ona kwamba mashine ya kigeni ilidai kafara, na kwamba nilimtoa ndugu yangu ili nipate cheo. Mimi! Mama alinitazama mbele ya waombolezaji wote, akaniuliza, "Ng'wanone, mwanangu, si wewe uliyeifundisha ile mashine?" Emanueli alishika jembe, akachimba kaburi, akalia kuliko wote.

Nilirudi kiwandani nikaiwasha mashine ikiwa tupu. Nikafungua mlango na kufunga, nikafungua na kufunga, mpaka ikatokea... Mlango ukiwa wazi, chuma kikashuka! Nikaitazama programu. Mistari yangu ya kuzuia makatizo haikuwepo.

Nikamwita Emanueli. Hakukana. Akaanguka magotini.

"Ilikuwa inachelewesha vifaa vingine, Kabula. Namba za mizani ya pamba zilikuwa zinarukaruka kwenye kioo cha kompyuta, na wageni walikuwa njiani. Niliitoa nikijua nitairudisha."

"Mbona hukuirudisha?"

"Ilifanya kazi vizuri... Nikasahau. Kabula, tukisema nitafungwa. Tunyamaze. Tuoane, tuzae mtoto, tumwite Shija."

Mtoto, tumwite Shija! Nilihisi moyo ukipasuka kama kibuyu.

Kwenye kikao cha kiwanda kuhusu kifo cha Shija nilisimama nikaeleza yote. Meneja akamgeukia Emanueli na kumuuliza kama ni kweli. Mwanamume niliyempenda akajibu bila kunitazama, "Ndugu Meneja, programu ni ya Kabula. Mimi sijaigusa. Na marehemu alikuwa na haraka."

Nikaachishwa kazi. Yeye akahamishiwa Dar es Salaam kwa cheo. Baba akawaswaga wale ng'ombe wa mahari mwenyewe mpaka Nassa, akarudi kwa miguu. Wanaume wengine walikuja kunichumbia. Sikuweza.

Miaka mingi baadaye, mama akiwa mzee sana, alinitaka nimweleze kilichotokea. Nikamweleza kwa Kisukuma, taratibu, kwa mikono yangu: hili jicho linalotazama mlango, huu mkono unaotoa amri, na yule aliyeondoa kizuizi kati yao. Akaelewa. Wakubwa wenye shahada walishindwa, au hawakutaka!

Kisha akauliza, "Kwa hiyo alikula ugali wangu msibani, akijua?"

Nikamwambia ndiyo, mayu, mama yangu. Alikuwa akijua. Akanivuta, akanilaza kifuani kama mtoto, akalia.

Ndugu msomaji, kama kazi yako inagusa mwili wa mtu, usiondoe kinga uliyoikuta kwa sababu inakuchelewesha. Aliyeiweka aliona kitu! Na ukiondoa, sema siku hiyo hiyo. Nawe uliye kwenye mapenzi, akikuomba unyamaze juu ya damu ili mpate kuoana, ondoka. Ni afadhali uzeeke peke yako. Mimi nimezeeka peke yangu, na kila Jumapili naenda kupalilia kaburi la mdogo wangu bila kuona aibu.