Kekeo wa Droo ya Saba

Haya yalimpata rafiki yangu Nevena, mtaalamu wa ndege katika makumbusho moja ya Plovdiv. Asubuhi hiyo alikuwa akishuka stoo kupima mabawa ya kekeo, ndege aliyemchuna mwenyewe zamani, akamjaza pamba na kumfunga mdomo kwa uzi.

"Muulize umebakiza miaka mingapi!" mzee Stoyko, mlinzi, alimtania mlangoni. Kwao kila mwito wa kekeo ni mwaka mmoja wa kuishi.

"Nitakuulizia wewe kwanza, mzee."

Taa ya stoo ilikuwa imeungua; giza totoro. Nevena akapapasa kabati, akagonga droo ya saba huku akicheka. "Haya, Stoyko amebakiza mingapi?"

Ndani ya droo pamba ikachakarika. Kisha: "Kuu-kuu."

Akangoja mwito wa pili hadi masikio yakamvuma. Kimya.

"Unajua kumwiga, binti!" Stoyko alicheka juu ngazini. "Umeniitia mara ngapi? Masikio yangu mabovu, nimedaka moja tu."

"Arobaini," Nevena akajibu.

Akawasha tochi ya simu, akavuta droo. Kekeo alilala chali na macho yake ya pamba, mdomo wazi. Uzi ulikuwa kifuani pake, fundo lake bado limekazwa.