Rofhiwa Kizimbani

Foleni ya kujiandikisha ilizunguka jengo zima la uhasibu la chuo kikuu pale Braamfontein, na jua la Februari halikuwa na huruma. Rofhiwa, msichana mrefu wa Kivenda kutoka Thohoyandou, gauni lake la kijani limelowa jasho mgongoni, alikuwa karibu kulia.

"Dada, mbona unatetemeka kama umeitwa polisi?" aliuliza kijana aliyesimama nyuma yake.

"Nasoma uhasibu na sheria pamoja. Foleni ya sheria iko jengo lile kule, na zote zinafungwa mchana huu!"

"Kumbe tuko wawili. Kimbia kanisimamie kule, mimi nikusimamie hapa."

"Na ukinitoroka?"

"Mtsonga hamtoroki mwanamke mzuri. Waoga ni ninyi Wavenda."

Rofhiwa akacheka bila kupenda. Kijana aliitwa Hlulani.

Miaka mitatu walisoma meza moja. Hlulani alimfundisha hesabu za makampuni, Rofhiwa akamkaririsha sheria ya mikataba, na katikati wakalishana maandazi ya magwinya ya moto, vidole vikinata mafuta. Walipanga kufungua ofisi yao wenyewe.

"Jina langu litangulie mlangoni," Rofhiwa alisema.

"Litangulie tu, mama. Mimi nitatangulia mezani."

Mwaka wa nne Rofhiwa alipata mafunzo kwa kampuni moja ya wakaguzi wa hesabu. Uhasibu ukamwonyesha kwamba mkurugenzi wa hapo, Bwana Kekana, alikuwa akila mafao ya wajane wa wachimba migodi. Sheria nayo ikamnyima usingizi kila alipojaribu kunyamaza. Akaenda polisi.

Wiki hiyohiyo, akiwa maktabani, simu yake ikaita.

"Umependeza na koti hilo jekundu," ilisema sauti ya mwanaume, taratibu. "Na kijana wako anapenda kukaa dirishani. Vioo huvunjika, binti."

Rofhiwa akamtazama Hlulani, amekaa dirishani anatafuna kalamu. Jioni akampigia.

"Usinitafute tena. Tumeachana."

"Laazizi, unatania?"

"Sitanii."

"Nimekosa nini? Niambie basi!"

"Hujakosa." Akakata simu, akaing'ata shuka ili mwenzake wa chumbani asisikie kilio.

Baada ya siku chache Hlulani alimwona akipanda gari jeusi la mwanaume mnene mwenye suti. Hakujua kuwa yule ni mpelelezi. "Kumbe kapata mwenye gari," alijisemea kwa uchungu, na tangu hapo hata salamu hakumpa. Rofhiwa akaacha kuja darasani. Alilala akiwa ameegemeza kiti mlangoni, akishtuka kila lifti ilipolia.

Baridi ilipoingia, darasa la Hlulani likapelekwa mahakamani kujionea kesi. Walikuwa hawajakaa vizuri karani alipoita:

"Shahidi, Rofhiwa Nemukula!"

Hlulani akaganda. Rofhiwa aliingia amekonda, koti jekundu likimning'inia. Bwana Kekana alimkazia macho, akitabasamu. Mwendesha mashtaka akauliza swali, akalirudia. Rofhiwa alifungua mdomo, sauti haikutoka.

Ndipo Hlulani alipoelewa kwamba Rofhiwa alitishwa, na kwa nini alimwacha. Akainuka, akawapita wenzake, akaenda kukaa nyuma ya Bwana Kekana, katikati ya wanaume wawili waliokuja naye. Mmoja akamnong'oneza, "Umepotea njia, kijana." Hlulani hakuondoka. Rofhiwa akamtazama yeye tu, akaanza kusema. Kwanza kwa mnong'ono, kisha mahakama nzima ikasikia.

Kesi ilipoahirishwa, mpelelezi aliwapa dakika chache nje.

"Mjinga wewe! Walikutaja kwenye simu ya vitisho, nawe unajipeleka katikati yao!"

"Kumbe walinijua zamani. Asiyejua kitu nilikuwa mimi."

"Niliogopa watakuua, Hlulani."

"Hata mimi naogopa. Lakini ungeniambia, tukaogopa wote."

Rofhiwa akainamisha kichwa. "Wananipeleka mahali siruhusiwi kupataja, mpaka kesi iishe."

"Basi ukirudi, niwatume wajomba zangu kwenu kuposa?"

"Na nisiporudi?"

Hlulani akaanza kumfunga vifungo vya koti, mpaka shingoni. Mpelelezi akafungua mlango wa gari.

"Watume sasa," Rofhiwa akasema ghafla. "Usingoje nirudi. Mama yupo, atawapokea. Waseme bibi harusi yuko safarini."

Gari likaondoka. Palepale kwenye ngazi za mahakama, Hlulani akampigia mjomba wake.